Kanisa la wazazi, ibada za watoto: Wakristo wa Kinindo wamsikilize nani?

Mei 2017 serikali ya Burundi iliwapa watu wanaoishi kinyumba muda wa hadi mwisho wa mwaka huo wawe wamehalalisha ndoa zao. Waliokaidi waliambiwa wangeweza kutozwa faini ya faranga 50,000, na watoto waliozaliwa nje ya ndoa wasingepata matibabu wala masomo ya bure. Amri hiyo ilikuwa sehemu ya kampeni ya kurekebisha maadili, iliyosimamiwa na Rais Pierre Nkurunziza, mlokole ambaye hakuficha wokovu wake hata siku moja.

Muda uliotolewa ulishapita. Mkanganyiko ulioachwa nyuma bado upo, na katika mtaa kama Kinindo, kusini mwa Bujumbura, unaonekana wazi. Kijana na binti wanaoishi pamoja kwa sababu mahari haijatimia, je, ni wazinzi, ni maskini, au ni wavunja sheria? Padri ana jibu lake. Mchungaji wa chumba cha maombi ana lake, afisa wa komini ana lake, na mhubiri wa kwenye simu naye ana lake. Wazazi wanalalamika kwamba vijana wameacha dini. Vijana wanajibu kwamba wazazi wameshika dini ya kuogopa macho ya majirani.

Madai yote mawili yana chembe ya ukweli, lakini hayaelezi kinachoendelea. Vijana wengi hawajaacha dini, wala hawajaacha kuitegemea wanapotaka kujua jema na baya. Kilichobadilika ni mtu wanayemruhusu awaambie Mungu anataka nini, pamoja na orodha ya dhambi zinazopewa uzito wa kwanza.

Mtaa na malezi yake

Kinindo uko kati ya Musaga, unaopanda kuelekea vilima, na Ziwa Tanganyika upande wa chini. Komini za mji zilipopunguzwa mwaka 2014 na kubaki tatu, mtaa huu uliingizwa katika komini ya Muha. Ni mtaa wa mageti na nyumba za familia zenye kipato cha kati au zaidi: watumishi wa serikali, wafanyabiashara, watu wa mashirika. Nyuma ya nyumba kubwa hukodishwa vyumba vidogo, na humo wanaishi wanafunzi wa vyuo na vijana wanaoanza maisha. Kwa hiyo vizazi viwili au vitatu hulala ndani ya ukuta mmoja, na Jumapili hutoka kwa geti moja kwenda sehemu tofauti.

Sensa ya mwaka 2008 ilionyesha kwamba karibu asilimia 62 ya Warundi ni Wakatoliki, zaidi ya asilimia 21 ni Waprotestanti wa namna mbalimbali, na Waadventista ni kama asilimia 2. Ni nchi ya Wakristo, na ni nchi ya vijana, kwani zaidi ya nusu ya wakazi wake hawajafikisha miaka 20. Mzee anaposema vijana wamepotoka, anawazungumzia watu wengi kuliko rika lake lote.

Kinachowatenga ni historia waliyopitia. Babu na bibi walilelewa na misheni. Wamisionari wa Afrika, maarufu kwa jina la Mapadri Weupe, walianza Muyaga mwaka 1898 na Mugera mwaka 1899. Waadventista, Waanglikana, Wamethodisti Huru, Wakweka na Wapentekoste kutoka Sweden walifuata kati ya miaka ya 1920 na 1930. Ubatizo ulikuja baada ya katekisimu ndefu, pamoja na shule na zahanati. Padri au mchungaji alikuwa pia mwalimu, na mara nyingi ndiye mtu pekee kijijini aliyeweza kuandika barua.

Wazazi walipitia jambo lingine kabisa. Chini ya Rais Jean-Baptiste Bagaza, aliyetawala kuanzia 1976 hadi 1987, serikali ilipigana na Kanisa Katoliki waziwazi. Wamisionari walifukuzwa, ibada za siku za kazi zilibanwa, vikundi vya kusali vya vijijini vilizuiwa, na mwaka 1986 seminari ndogo zilichukuliwa na serikali. Pierre Buyoya alipompindua Bagaza Septemba 1987, milango ilifunguliwa tena. Mtu aliyekuwa kijana miaka hiyo alijifunza kwamba kwenda misa ni kusimama upande fulani. Kwa mtu wa namna hiyo, mwana anayekosa misa kwa sababu amechoka ameacha kitu ambacho mzazi alikilipia.

Kisha ikaja vita. Rais Melchior Ndadaye aliuawa tarehe 21 Oktoba 1993, na nchi ikatumbukia katika mauaji yaliyoendelea zaidi ya miaka 10. Waliouana walikuwa wamebatizwa. Wengi waliimba kwaya moja na kupokea komunyo kwenye altare moja. Katika miaka hiyo vyumba vya maombi viliongezeka mjini, gereji na majumba ya sherehe yakageuka makanisa, na watu waliopoteza kila kitu walitafuta Mungu anayeponya leo, sio kesho. Watoto waliozaliwa baada ya hapo wamekuta makanisa mengi, mahubiri ya YouTube na makundi ya maombi ya WhatsApp, huku nyumbani vita haizungumzwi.

Wazee: kanuni, sakramenti na ukoo

Msimamo wa wazee unajengwa juu ya jambo moja, kwamba maadili hayabuniwi na mtu binafsi. Yanapokelewa. Kanisa limekuwepo kabla yako, litakuwepo baada yako, na ukoo una neno katika ndoa yako kwa sababu ndoa inaunganisha koo mbili.

Msimamo huu una nguvu ambayo vijana huidharau upesi mno. Kanisa lenye mpangilio lina mtu wa kumshtakia. Padri akikosea yuko askofu, na mchungaji wa dhehebu la zamani ana sinodi au baraza juu yake. Kanisa la namna hiyo pia linaweza kusema na wakuu wa nchi kwa sauti moja. Mei 2015, katikati ya mgogoro wa muhula wa tatu wa Nkurunziza, maaskofu Wakatoliki waliwaondoa mapadri waliokuwa kwenye tume za uchaguzi. Nabii wa chumba kimoja hana uzito wa kufanya hivyo. Na mtu akifiwa, akiugua au akifukuzwa kazi, jumuiya ya parokia huja na chakula na mchango bila kuuliza kama ana imani ya kutosha.

Udhaifu uko katika namna adhabu inavyogawanywa. Binti akipata mimba kabla ya ndoa, makanisa mengi humsimamisha, humtoa kwaya, humnyima arusi ya kanisani au humwoza kimyakimya bila sherehe. Kijana aliyehusika mara nyingi huhamia kanisa lingine. Serikali nayo ilijaribu mtindo huo: mwaka 2018 Wizara ya Elimu ilitangaza kwamba wasichana wanaopata mimba, pamoja na wavulana waliowapa mimba, wasirudi katika shule za kawaida. Uamuzi huo uliondolewa wiki chache baadaye kutokana na malalamiko.

Zaidi ya hayo, macho ya wazee huwa makali kwa dhambi za mwili na hupoa kwa nyingine. Sketi fupi hukemewa mimbarani siku hiyohiyo, ilhali mtumishi wa umma aliyejenga ghorofa kwa mshahara usiotosha hata msingi wake huketi kiti cha mbele. Kimya kuhusu nani alimfanyia nini nani katika mauaji ya mwaka 1972, ya 1993 au ya baadaye hudumu miaka na miaka. Vijana huona pengo hilo, nao hukosa heshima kwa kanuni nzima kwa sababu ya sehemu inayorukwa.

Waliookoka kuwapita wazazi wao

Hapa ndipo mjadala wa kawaida unapokosea zaidi. Inadhaniwa kwamba mtoto ni mlegevu na mzazi ni mkali. Katika nyumba nyingi za Bujumbura ni kinyume chake.

Mfano ulio wazi ni bia. Katika mila za Kirundi, kuposa, kutoa mahari, arusi na kumaliza matanga havikamiliki bila kinywaji. Zamani ulikuwa mtungi wa pombe ya mtama uliozungukwa na mirija, au urwarwa, pombe ya ndizi. Mjini sasa ni makreti ya Primus na Amstel kutoka Brarudi, kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1955. Msemaji wa ukoo husimama na kutoa hotuba yake, na kinywaji ndicho kinachoipa hotuba hiyo uzito. Mzazi Mkatoliki haoni dhambi hapo. Mwanawe aliyeokoka, anayefunga na kukesha kila mwezi, anataka mahari itolewe kwa Fanta na maji tu. Wajomba husema kwamba mahari isiyo na bia haijatolewa. Kijana husema hawezi kuanza ndoa yake kwa kitu alichokiacha. Kila upande unatetea wema kama unavyouelewa, na kila upande unaona mwenzake amelegeza maadili.

Wokovu wa namna hii sio mgeni katika Maziwa Makuu. Uamsho wa Afrika Mashariki ulioanzia Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Burundi na Tanganyika, ulikuwa mwendo wa watu walioona kanisa la wakubwa wao limepoa. Walokole wa kwanza waliungama dhambi hadharani, walirudisha mali walizoiba na waliwakemea wachungaji usoni. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia cha Mukono, akiwemo William Nagenda, walifukuzwa kwa sababu hiyo. Leo uamsho huo ni mila ya wazee wanaoheshimika katika makanisa ya Kianglikana. Mzee wa uamsho anayemwona kijana wa vyumba vya maombi kuwa mkaidi amesahau asili ya imani yake mwenyewe.

Faida ya mkondo huu ni kwamba hugusa maisha. Kijana huacha pombe, huacha kupigana, hupata marafiki wanaomuuliza kila siku alivyoshinda. Katika mji wenye ajira chache hilo si jambo dogo.

Hatari yake nayo si ndogo, na historia ya karibu inaitaja kwa majina. Huko Businiro, katika uliokuwa mkoa wa Kayanza, maelfu walikusanyika kila mwezi kumfuata Eusébie Ngendakumana, aliyejulikana kama Zebiya, aliyesema anatokewa na Bikira Maria. Kanisa Katoliki lilikataa maono hayo. Machi 2013 polisi waliwafyatulia risasi mahujaji na kuua kadhaa, na miaka iliyofuata wafuasi wengi walikimbilia Kamanyola, Kongo, ambako zaidi ya wakimbizi 30 wa Kirundi waliuawa na askari Septemba 2017. Nchini Kenya, msitu wa Shakahola ulifukuliwa kuanzia Aprili 2023 na miili zaidi ya 400 ikapatikana, ya watu waliofundishwa kufunga hadi kufa. Matukio hayo mawili yanatofautiana sana: kwa Zebiya waliouawa waliuawa na vyombo vya dola, Shakahola mafundisho yenyewe ndiyo yanayoshtakiwa. Yanafanana kwa jambo moja tu, kwamba muumini alikuwa na sauti moja ya kumwongoza na hakuwa na mahali pa kuihoji.

Wanaobaki na imani na kuuliza

Kundi la tatu halina jina. Ni vijana wanaosali, wanaosoma Biblia, lakini wanaoamua mengi wenyewe. Asubuhi wako misani na mama, mchana kwenye sifa na wenzao, jioni wanasikiliza mhubiri wa Lagos au wa Kinshasa. Sheria ya dini ya Desemba 2014, ile iliyotaka kanisa jipya la nchini liwe na waumini wasiopungua 300, pia inakataza mtu kuwa mwanachama wa madhehebu mawili kwa wakati mmoja. Maisha ya vijana hawa hayatoshei katika sheria hiyo.

Wanachouliza zaidi ni kuhusu fedha, haki na uzazi. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2016–2017 ulikuta kwamba mwanamke wa Burundi huzaa kwa wastani watoto 5.5, katika nchi yenye ardhi haba. Kanisa Katoliki hufundisha njia za asili tu na vituo vyake vya afya havitoi vidonge wala sindano, hivyo serikali ililazimika kuweka vituo vidogo pembeni mwa vya kanisa ili wanaotaka wapate. Mke kijana Mkatoliki anayevuka kutoka jengo moja hadi lingine hajaasi imani yake. Ameamua kwamba katika jambo hili dhamiri yake ndiyo imwongoze, na Jumapili atarudi kanisani.

Kuhusu fedha, Kenya ilionyesha hasira hiyo inavyoweza kufika mbali. Katika maandamano ya Juni 2024 vijana waliyalaumu makanisa kwa kupokea mamilioni ya wanasiasa. Novemba mwaka huohuo Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, aliamuru mchango wa Rais William Ruto kwa parokia ya Soweto urudishwe. Hapo wakubwa walifuata dhamiri ya wadogo.

Utafiti wa kituo cha Pew uliochapishwa 2018 unasaidia kuona ukubwa wa jambo hili. Kati ya nchi 106 zilizochunguzwa, katika 46 watu wa chini ya miaka 40 waliipa dini umuhimu mdogo kuliko wakubwa wao. Afrika kusini mwa Sahara pengo hilo lilikuwa dogo. Anayedhani Bujumbura inafuata njia ya Paris au Brussels anakosea.

Hata hivyo kundi hili nalo lina kasoro inayolibana. Mtu anayechukua fundisho hapa na fundisho pale huishia kuchukua yale asiyopaswa kuyalipia gharama. Akifiwa, mhubiri wa Lagos haji matangani. Dhamiri iliyofundishwa na simu pekee haina mtu wa kuiambia umekosea.

Dola kama mlezi wa maadili

Kampeni ya 2017 ilikuwa na hoja ya kweli ndani yake. Sheria ya watu na familia ya mwaka 1993 inatambua ndoa ya serikali tu, na umri wake ni miaka 18 kwa mwanamke na 21 kwa mwanamume. Mke asiyeandikishwa akifiwa hutolewa nyumbani na shemeji zake, na watoto hupata shida hata ya kuandikishwa. Burundi haina sheria ya urithi inayomlinda mwanamke, hivyo cheti cha ndoa ni moja ya silaha chache alizonazo. Wazee wa dini waliounga mkono kampeni walikuwa na sababu.

Lakini adhabu iliwekwa juu ya mtoto mchanga, asiye na kosa lolote, na haikugusa chanzo. Vijana wengi wanaishi kinyumba kwa sababu ya gharama: mahari, nguo, ukumbi, vikao vya michango, na kuogopa aibu ya arusi ndogo. Faini haipunguzi mahari. Pia kampeni iliwafundisha vijana kwamba neno la Mungu na neno la gavana ni sauti moja, na rika lililoona mgogoro wa mwaka 2015 lina sababu za kutoyachanganya.

Kupima

Nani basi ana hoja nzito? Kipimo kizuri kipo katika historia ya Burundi yenyewe, kule Buta, katika uliokuwa mkoa wa Bururi.

Baada ya mauaji ya 1993, mkuu wa seminari ndogo ya Buta, padri Zacharie Bukuru, alikuwa na wanafunzi Wahutu na Watutsi waliokuwa wakiogopana bwenini. Hakuwakataza kuzungumza. Aliwakutanisha wayaseme yote, ya siasa, ya jamaa waliouawa, ya woga wao, huku wakisali, wakicheza mpira na kucheza ngoma pamoja. Alikuwa mkubwa mwenye mamlaka yote ya Kanisa, naye alikubali kuulizwa. Alfajiri ya tarehe 30 Aprili 1997 waasi waliingia bwenini na kuwaamuru wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Walikataa. Vijana 40 waliuawa, na kesi ya kuwatangaza wenye heri ilifunguliwa mwaka 2019.

Vijana hao walitegemea dini kwa maadili kuliko mtu yeyote anayetajwa katika makala hii. Hawakupata uthabiti ule kwa kanuni zilizokaririwa tu, maana wauaji wengi wa miaka ile walikariri katekisimu ileile. Hawakuupata kwa ufunuo wa nabii, wala kwa kila mmoja kujiamulia. Waliupata katika nyumba ambayo mkubwa alibaki mkubwa na mdogo akaruhusiwa kusema lililomkera.

Kwa kipimo hicho, wazee wana haki kuhusu umuhimu wa chombo chenye mamlaka na kumbukumbu, na wanapoteza haki hiyo pale wanapofunga mazungumzo. Walokole vijana wana haki kwamba imani lazima ibadili mwenendo, na wanaikosa pale kiongozi wao anapokuwa hana wa kumhoji. Wanaouliza wana haki kuhusu dhambi za fedha na za damu, ila wanahitaji watu wa kuishi nao maswali hayo. Dola ina kazi ya kulinda vyeti, urithi na watoto. Rwanda ilipofunga maelfu ya makanisa mwaka 2018 na kudai wachungaji wawe na shahada ya theolojia, iliongeza usalama wa majengo na elimu ya wahubiri. Haikuweza kuamua kijana amwamini nani.

Kinindo ina nafasi ya kuanzia mahali rahisi kuliko vita, yaani mahari. Wanaopanga kiwango chake ni wazee wa ukoo, na wengi wao ni wazee wa kanisa. Parokia na makanisa ya mtaa huu yanaweza kuwakalisha wazazi na vijana kabla ya posa, fedha zikatajwa wazi, bia au Fanta zikakubaliwa, na wanaoishi kinyumba wakafungishwa ndoa kwa pamoja bila gharama ya ukumbi. Parokia kadhaa za Burundi tayari zinafungisha ndoa za pamoja. Kinachobaki ni wazee wa ukoo kuketi kwenye kikao hicho wakiwa tayari kupunguza wanachodai, na vijana kuketi wakiwa tayari kuandikishwa.